Mzee mzima nilivyopandishwa mawe ya Saanane

Msomaji wangu, wiki hii sikuletei habari za ndoa ya mtu wala kitambi cha jirani. Kitambi cha wiki hii ni changu mwenyewe, na habari yenyewe ni ya safari. Usidhani nilikwenda Ulaya. Nilikwenda kisiwa cha Saanane, hapa hapa Mwanza, mwendo mfupi tu wa boti ukitokea Capri Point. Hata chai ukiiacha mezani unaweza kurudi ukaikuta vuguvugu. Ila mimi kuianza safari hiyo kulinichukua karibu miaka thelathini. Tulia nikusimulie.

Chanzo cha yote ni presha. Nilikwenda kupima kwa sababu nilikuwa nikipanda ngazi za ghorofa moja nahema kama nimebeba gunia la sangara. Daktari akatazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena.

"Mzee, huwa unatembea?"

"Natembea sana," nikajibu kwa kujiamini.

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

Hapo nikauchuna. Ukweli ni kwamba natembea kutoka kitandani mpaka mlangoni. Zamani nilikuwa nafika mpaka kituo cha daladala, lakini siku hizi bodaboda wananifuata mpaka kwenye kizingiti. Daktari akaniandikia dawa, kisha akasema maneno ambayo hayauzwi duka la dawa: "Umeshagonga sitini. Anza kupanda vilima. Polepole, lakini kila siku. Mwanza hii mtu akikosa kilima ni mvivu tu."

Nilipofika nyumbani nikafanya kosa la kusimulia. Mama watoto akacheka mpaka akakaa chini. Binti yangu wa mwisho hakucheka. Yeye yuko kidato cha sita, anasoma Jiografia, na alikuwa likizo, hana kazi. Akasema: "Baba, kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nitakuamsha."

Nilidhani utani. Saa kumi na mbili kasoro nikasikia mlango unagongwa kama kuna moto.

Tulianza na Isamilo. Wewe usiyeijua Mwanza, hebu fikiria mji ambao mtu amemwaga mawe makubwa kuliko nyumba, kisha watu wakaja kujenga katikati, pembeni na juu yake. Isamilo, Mabatini, Igogo, Bugarika, kote ni hivyo. Kuna nyumba ambayo ukuta wake mmoja ni jiwe, na kuna jiwe ambalo limekaa juu ya jingine kwa namna ambayo ukilitazama unaongeza mwendo. Njia za kupandia hazikuchorwa na mhandisi. Zimechorwa na miguu ya watu.

Siku ya kwanza nilisimama mara tisa. Mara ya tisa nimelikumbatia jiwe kama ndugu aliyerudi kutoka ughaibuni, akatokea mama mmoja wa makamo anashuka na ndoo ya maji kichwani. Hakushika chochote. Wala tone halikumwagika. "Shikamoo baba," akasema, akapita. Nilitaka kuitikia marahaba, lakini pumzi ikagoma. Nikaitikia kwa mkono.

Binti akawa ananipumzisha kwa hadithi za darasani. Akaniambia kwamba Agosti 1858 Mzungu mmoja, John Hanning Speke, alifika kusini mwa ziwa, sehemu za Mwanza hii, akalitazama kutoka kilimani, na papo hapo akakata shauri kwamba mto Nile unaanzia humo. Hakulizunguka. Wenyeji walikuwa wanaliita Nyanza, yeye akalipa jina la malkia wake, Victoria. Mwaka 1862 akarudi, safari hii upande wa Uganda, akaona mahali maji yanapotoka kuelekea kaskazini. Wenzake huko London wakaendelea kumbishia, lakini alikuwa amepatia.

"Kwa hiyo unaona, baba," akasema binti, "mtu akipanda hata kilima kidogo anaona jambo kubwa."

Nikamwambia Speke hakuwa na presha.

Basi bwana, siku zikaenda. Wiki ya kwanza nilisimama mara tisa, wiki ya pili mara tano. Wiki ya tatu mkanda wa suruali ulirudi tundu moja nyuma, na mimi kijiweni nikaanza majigambo. Pale tunapokunywa kahawa nikawatangazia wenzangu kwamba mawe ya Mwanza yote nimeyamaliza, bado kisiwani tu. Mmoja akasema visiwa vile vilitapikwa na mlima wa moto, ndiyo maana mawe yametapakaa hovyo. Nikamuunga mkono kwa sauti kubwa. Nikasema mimi ningepanda volkano yoyote.

Mdomo huponza kichwa. Habari zikamfikia binti. "Vizuri, baba. Jumamosi tunakwenda Saanane. Ile nayo ina vilima vya mawe, na juu unaona mji wote."

Kicheko kikanikauka. "Kule kuna maji katikati."

"Baba, ni kisiwa."

Hapo ndipo nalazimika kukuambia, msomaji, jambo ambalo hata watoto wangu sikuwahi kuwaambia.

Mwaka 1977 nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi tulipelekwa Saanane kutazama wanyama. Kisiwa kile kilichukuliwa na Serikali mwaka 1964, kikafanywa bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Jina ni la mzee aliyekuwa akiishi pale, mvuvi na mkulima, Mzee Saanane Chawandi. Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba tunapanda boti, na kwamba kuna wanyama ambao hatujawahi kuwaona.

Nilikuwa na rafiki. Tulikaa dawati moja, tulipanda mawe ya Igogo pamoja, tulichapwa pamoja. Siku ile kisiwani yeye hakuwatazama wanyama. Alitazama juu, kwenye mawe ya kileleni. "Twende," akaninong'oneza. Tulipofika hatua kama ishirini mwalimu akatuona, na fimbo ikafanya kazi yake. Wakati wa kurudi, makalio yanawaka, rafiki yangu akasema: "Tutarudi tukiwa watu wazima. Hapo mwalimu atatuzuia na nini?"

Tukawa watu wazima. Mimi nikapata kazi ya ofisini, yeye akaingia biashara, anakwenda Bukoba na kurudi na ndizi. Kila tukikutana: "Vipi, Saanane lini?" "Mwakani." Kisiwa tunakiona kila siku kimekaa pale, hakiendi popote. Kitu cha karibu hakina haraka, ndivyo tulivyodhani.

Asubuhi ya Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa njiani kutoka Bukoba kuja Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Nchi nzima iliomboleza. Wewe uliyekuwa na akili zako mwaka ule unakumbuka. Rafiki yangu alikuwa ndani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwenda kumpokea bandarini. Nilikwenda kweli, nikasimama ufukweni siku ile, na siku iliyofuata, na iliyofuata. Mwili wake hatukuutambua. Pale Igoma walikozikwa wengi huwa nakwenda, nasimama, sijui nisimame upande gani.

Tangu hapo sikukanyaga chombo cha majini. Watu hawakujua, maana mtu mzima ana mbinu zake. Nikitaka kwenda Geita nilizunguka Shinyanga na Kahama, nikisingizia nina ndugu wa kusalimia. Shangazi yangu alipofariki Ukerewe nilituma rambirambi nikasema nina homa. Homa gani? Nilikuwa nimekaa sebuleni mzima kabisa, naona aibu. Na Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya mia mbili wakapoteza maisha, nilijiambia: unaona? Uliona mbali. Hata Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, kilometa kama tatu juu ya maji, nililivuka ndani ya basi nimefumba macho. Kijana wa siti ya jirani akadhani nasali. Hakukosea sana.

Sasa haya yote nitamwambiaje mtoto wa kidato cha sita? Nikamwambia nina mafua. Akaenda chumbani akarudi na noti alizokuwa akizitunza kwa ajili ya viatu. "Baba, kiingilio nitalipa mimi, mimi na wewe." Nikamtazama. Msomaji, kuna mahali mwanamume anashindwa kukataa.

Jumamosi tukafika ofisi ya hifadhi, Capri Point. Mimi nimevaa shati jeupe na mokasini, viatu vyangu vya heshima. Binti akaviangalia, akaguna, hakusema kitu.

Tukapewa majaketi okozi. Langu halikufunga mpaka kijana wa boti alipolegeza mikanda yote. "Shikamoo mzee. Karibu, weka mguu hapa katikati." Mguu wa kulia ukakubali. Wa kushoto ukabaki nchi kavu. Nikawa nimetanuka kama daraja, boti inayumba, watu wananisubiri. Jasho likanitoka kama bomba lililopasuka. Binti akanishika mkono. Hakunivuta. Alinishika tu, kama mimi nilivyokuwa namshika akijifunza kutembea. Mguu wa kushoto ukaja.

Injini ikawaka. Nilitazama vidole vya mokasini zangu njia nzima. Nilihesabu. Nilipofika mia tatu na kitu, kijana akasema: "Mzee, tumefika, fungua macho." Nilikuwa nimeyafumba tena bila kujua.

Saanane ya leo si ile ya vizimba niliyoiona utotoni. Mwaka 2013 ilifanywa hifadhi ya taifa, na ndiyo ndogo kuliko zote nchini: kilometa za mraba 2.18, na hapo umehesabu na maji yake. Ukiiweka kando ya Serengeti, yenye zaidi ya 14,000, ni kama punje ya ulezi kando ya tikiti. Lakini askari wa hifadhi yupo, swala pala wapo, tumbili wapo, na mamba wapo pia majini, kwa hiyo mambo ya kuogelea sahau.

Njia inaanza kwa upole, kivuli cha miti na majani makavu. Nikaanza kujisifu. Kisha likaja jiwe la kwanza la kupanda, mteremko laini umepigwa na jua, na mokasini zangu zikasema kwaheri. Soli ile ya plastiki ilikuwa kama sabuni. Nikateleza, nikakaa chini mbele ya hadhara, na hadhara yenyewe ilikuwa pimbi watatu wamekaa juu ya jiwe wananitazama.

Pimbi ni mnyama mdogo kama sungura asiye na masikio marefu, na wataalamu wanasema ndugu zake wa karibu ni tembo. Usibishe, ndivyo ilivyo. Nyayo zake ni laini na zina unyevunyevu, zinanata kwenye jiwe kama mpira. Anapanda ukuta mtupu anatelemka, hana wasiwasi. Mimi mwenye vidato na cheti nimekaa chini. Binti akafungua begi akatoa raba zangu kuukuu ambazo nilidhani zimetupwa. Alizibeba tangu nyumbani. Mtoto huyu, nakuambia, atafika mbali.

Kwa raba safari ikawa nyingine. Tukapanda kidogo, tukasimama, tukanywa maji. Juu ya mawe wamejaa mijusi, dume ana kichwa chekundu na mwili wa buluu, anapiga pushapu kama mwanajeshi. Binti akasema kwamba mjusi wa namna hiyo wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae, tangu mwaka 1923. Sisi tunamrushia mawe, wenzetu wamemsajili kwa jina letu.

Nikaona huu ndio wakati wa kuonyesha na mimi nina elimu. Nikapiga jiwe kofi. "Unaona? Hili lilitoka kwenye volkano."

"Hapana, baba."

"Hapana nini? Kijiweni wote tunajua."

Akakaa chini akanieleza, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kile ninacholipia ada. Mawe ya Mwanza ni itale. Zamani, zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita, mwamba ulioyeyuka kama uji wa moto ulipanda kutoka chini, lakini haukutoka nje. Uliishia huko huko ndani ya ardhi, ukapoa taratibu sana, ukawa mgumu namna hii. Ungetoka nje ungekuwa volkano. Baadaye udongo na miamba iliyokuwa juu yake ikalika kwa mvua na upepo, miaka isiyohesabika. Itale ikabaki wazi. Maji yakapenya kwenye nyufa zake, kona zikaliwa, mabonge yakaviringika. Hakuna aliyeyapanga mawe haya juu ya mengine wala hayakurushwa. Ni kilichokuwa katikati yake ndicho kilichoondoka.

"Volkano za kweli zipo ziwa hili hili," akaendelea, "ila upande wa Kenya. Mfangano na Rusinga ni mabaki ya volkano moja kubwa, Kisingiri, iliyolipuka miaka kama milioni ishirini iliyopita. Ile ilizimika zamani. Majivu yake yalifunika wanyama wa wakati huo, ndiyo maana Rusinga wanachimba mifupa. Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota pale fuvu la nyani wa kale anayeitwa Proconsul. Na Mfangano ina kilele, Kwitutu, mita 1,694 kutoka usawa wa bahari. Ukitoa urefu wa ziwa lenyewe, kama 1,134, unabaki na mlima wa zaidi ya mita mia tano kutoka ufukweni."

"Kwa hiyo hapa ni volkano iliyoshindwa kutoka," nikasema.

Akacheka. "Sema ni moto ambao ulibaki ndani mpaka ukapoa wenyewe."

Msomaji, maneno mengine mtu anayasema juu ya jiwe yanakupiga wewe. Sikumjibu. Nikainuka tukaendelea.

Sehemu ya mwisho ni ya kutumia mikono. Si ndefu, lakini ni ya mikono. Askari wa hifadhi alitangulia, binti akaja nyuma yangu, akinisukuma pale inapobidi kusukumwa. Kisha ghafla hapakuwa na jiwe jingine la kupanda. Upepo ukanipiga kifuani. Tulikuwa juu.

Mwanza yote ilikuwa mbele yangu. Hospitali ya Bugando juu ya kilima chake. Mabati ya Igogo yanamemetuka katikati ya mawe yale yale tuliyopanda tukiwa na kaptula. Vilima vya Capri Point na majumba yake. Na kote kulikobaki ni maji. Ziwa la kilometa za mraba karibu 68,800, na karibu nusu yake ni ya kwetu. Nilikuwa nimeishi kando yake maisha yangu yote, na kwa miongo mitatu nimelipa mgongo.

Binti akaniambia kwamba ziwa hili lenyewe, pamoja na ukubwa wake, ni la juzi. Miaka kama 15,000 iliyopita lilikauka, kukawa na nchi kavu, kisha mvua zikarudi likajaa upya. Mawe yalikuwepo kabla, yakalitazama likiondoka, yakalitazama likirudi.

Kaskazini-magharibi ghuba inafunguka kuelekea ziwa kubwa. Huko ndiko meli za Bukoba zinakotokea. Nikajilazimisha kutazama. Mtumbwi wa wavuvi ulikuwa unapita na tanga lake, ndege weupe wanaufuata. Ndiyo hiyo tu. Maji na mtumbwi. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha, na hakikuwepo.

"Kaka yako," nikamwambia binti, "jina lake unajua lilitoka wapi?"

"Si la babu?"

"Si la babu."

Nikamsimulia. Dawati, fimbo, makalio, ndizi za Bukoba, mwakani, mwakani. Na zile siku za ufukweni. Nikamweleza kuhusu shangazi wa Ukerewe na ile homa yangu ya uongo. Askari wa hifadhi akajifanya anatazama tumbili. Binti hakusema pole. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaokota kijiwe kidogo akanipa.

"Weka hapa kileleni, baba. Ndiyo mmefika."

Nilikiweka. Kilikaa vizuri tu, kwenye ufa mdogo ambao jiwe kubwa liliuacha. Askari naye akageuka, akavua kofia. Zamani tulikuwa tukiagana stendi rafiki yangu anapenda kusema milima haikutani, binadamu hukutana. Siku ile nilimkumbuka bila kifua kubana. Ni kitu kidogo, lakini kwangu kilikuwa kipya.

Wakati wa kurudi niliingia kwenye boti kwa miguu yote miwili. Sitakudanganya, moyo ulikuwa unadunda. Ila niliyaacha macho wazi, nikayatazama maji, nikaona yana rangi. Nilikuwa nimesahau kwamba yana rangi. Kijana wa boti akaniuliza: "Mzee, vipi huko juu?" Nikamwambia pazuri, ila pimbi wenu hawana adabu, wanamcheka mtu mzima.

Sasa wewe unayesoma hapa huku umelala kwenye kochi, nakuachia ya kwako. Nenda asubuhi, kabla jua halijachachamaa na kabla upepo wa mchana haujaamka. Viatu viwe vya soli inayoshika, mokasini acha kabatini. Chukua maji na kofia. Kiingilio kaulize ofisini kwao, sisi wenyeji tunalipa kidogo kuliko wageni. Usitangulie mbele ya askari, na usichezee maji ya pembeni: ukikwepa mamba kuna kichocho. Kama una presha au moyo, muulize daktari wako kwanza, usije ukasema mimi ndiye niliyekutuma. Na jaketi okozi livae, lifungwe mikanda yote, hata kama safari ni ya dakika tano na hata kama wote wanakucheka. Chombo kikijaa kupita kiasi, shuka. Hofu yangu haikuwa ya kijinga, ila niliiweka mahali pasipo pake. Ilitakiwa inivalishe jaketi na kunishusha kwenye chombo kilichojaa. Mimi nikaiachia inifungie nyumbani mpaka nikakosa hata kumzika shangazi.

Presha yenyewe daktari ameipima tena. Imeshuka kidogo. Amesema niendelee na dawa, na niendelee na mawe.

Mwezi ujao nakwenda Ukerewe. Kuna kaburi ambalo nilipaswa kulitupia udongo, nikatuma bahasha badala yake. Binti amesema atanisindikiza. Nimemwambia safari hii nauli nitalipa mimi, na zile pesa zake akanunue viatu. Amekubali, kwa sharti kwamba mokasini zangu apewe jirani.

Nimezitoa, msomaji. Jirani mwenyewe ana kitambi kuliko changu. Wiki ijayo nitakuambia kama amefika hata Isamilo.